Gari la kale likatiwe bima ya kiasi gani?

MWEZI Mei mwaka 2022, gari aina ya Mercedes-Benz 300 SLR lililotengenezwa mwaka 1955 liliuzwa nchini Ujerumani kwa Euro milioni 135. Hadi wakati huo, haikuwahi kujulikana bei kubwa kuliko hiyo kulipwa kwa gari moja.

Habari za namna hii zinapofika kwetu huonekana kama hadithi za matajiri wa mbali. Hata hivyo, zimebeba swali linalomhusu pia mstaafu wa Moshi, Tanga au Nakuru mwenye Peugeot 404 aliyoachiwa na baba yake. Gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Tangu yalipoanzishwa mashindano ya Safari Classic mwaka 2003, magari ya zama hizo yamezidi kutazamwa kwa jicho jipya.

Swali lenyewe ni hili: gari kama hilo likatiwe bima ya kiasi gani?

Kwanza ieleweke kuwa bima ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, ile ambayo wengi huiita bima ndogo, huwalinda watu wengine watakaodhurika. Haimlipi mwenye gari hata senti moja kwa gari lake mwenyewe. Anayetaka kulinda gari lake hana budi kukata bima kubwa, na hapo ndipo hutakiwa kutaja thamani.

Wengi hutaja kiasi kidogo kwa makusudi. Tuchukue mfano wa gari lenye thamani ya kweli ya Sh milioni 20, na ada ya bima ya asilimia nne. Akitaja milioni 20, mwenye gari atalipa Sh 800,000 kwa mwaka. Akitaja milioni tano, atalipa Sh 200,000 tu. Kwa mstaafu, tofauti ya Sh 600,000 si jambo dogo.

Lakini nafuu hiyo ina gharama zake. Gari likigongwa na matengenezo yakahitaji Sh milioni nne, kiasi hicho ni asilimia 80 ya thamani iliyoandikwa. Kampuni ya bima inaweza kuamua kuwa halifai tena kutengenezwa, ikamlipa mwenyewe zile milioni tano, nayo ikachukua mabaki. Gari ambalo fundi angeweza kulirudisha barabarani linakuwa limezikwa kwa tarakimu iliyoandikwa katika fomu.

Aidha, baadhi ya mikataba ina kipengele cha kugawana hasara kwa uwiano. Kwa kuwa mteja alikata bima ya robo tu ya thamani ya kweli, naye hulipwa robo ya hasara. Kwa matengenezo yale yale ya Sh milioni nne, atapata milioni moja, na tatu zilizobaki atazitafuta mwenyewe.

Kinyume cha hayo kilionekana nchini Uingereza. Mwigizaji Rowan Atkinson, anayejulikana hapa kwetu kwa jina la Mr Bean, aligonga gari lake aina ya McLaren F1 mwaka 2011. Alikuwa amelinunua mwaka 1997 kwa Pauni 540,000. Kampuni ya bima ililipa takriban Pauni 910,000 kulitengeneza, kiasi kinachozidi bei ya kununulia. Haukuwa ukarimu. Wakati huo thamani ya gari ilikuwa imepanda kiasi kwamba kulitengeneza kulikuwa na faida kuliko kulilipia lote. Mwaka 2015 gari hilo liliuzwa kwa takriban Pauni milioni nane.

Hapa ndipo gari la kale linapoachana na magari mengine. Gari la kawaida hushuka thamani kila mwaka, na mikataba mingi ya bima imejengwa juu ya ukweli huo. Mkataba wa kawaida huahidi bei ya soko ya siku ya hasara, hata kama kiasi kilichoandikwa ni kikubwa zaidi. Kwa hiyo anayejiandikia Sh milioni 40 kwa gari la milioni 20 hajipatii utajiri wowote. Analipa ada maradufu, na siku ya hasara anapewa milioni 20 zile zile, kwa kuwa msingi wa bima ni kumrudisha mtu alipokuwa, wala si kumnufaisha.

Dawa yake ni thamani iliyokubaliwa. Katika mkataba wa aina hiyo, pande zote mbili hukubaliana mapema kuwa gari likipotea au kuteketea kabisa, kiasi fulani ndicho kitakacholipwa. Si kila kampuni hutoa mkataba huo, hivyo mteja hana budi kuuomba na kuhakikisha umeandikwa. Ahadi ya mdomo ya wakala haitoshi. Ni vyema pia aombe haki ya kubaki na mabaki ya gari, maana kwa gari la kale hayo ndiyo stoo ya vipuri.

Je, kiasi hicho kitokane na nini? Kisitokane na bei iliyolipwa zamani, wala jumla ya risiti za gereji, kwani mtu anaweza kutumia Sh milioni 30 kulifufua gari ambalo hakuna atakayelinunua kwa zaidi ya milioni 20. Mapenzi ya mwenyewe nayo hayana bei. Kipimo sahihi ni gharama ya kupata gari jingine la aina hiyo, lenye hali hiyo, na kulifikisha mlangoni pamoja na usafiri na ushuru. Mthamini anayeyafahamu magari hayo atazame bei zilizolipwa kweli, si zile zinazotangazwa na wauzaji.

Tarakimu hiyo ipitiwe upya kila mwaka. Vipuri vingi huagizwa kwa fedha za kigeni, na shilingi ikiteleza, kiasi kilichotosha mwezi Januari huenda kisitoshe Desemba. Bei za magari haya nazo hupanda na kushuka. Huko Ulaya zilipaa mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha zikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha za gari nje, ndani na chini ya boneti, namba za chasisi na injini, risiti za fundi na taarifa ya mthamini ndivyo vitakavyomtetea mwenye gari. Vyote hivyo hukusanywa gari likiwa zima. Likishagongwa, muda wa kuthibitisha lilivyokuwa unakuwa umepita.