Jibu Lisilo na Mjibu

Zamani, kabla simu za mkononi hazijaenea, mzee wa kijijini aliyepata barua naye hajui kusoma aliipeleka kwa kijana wa shule. Kijana aliisoma kwa sauti, mzee akasikiliza, kisha akatamka la kujibu, na kijana akaliandika. Kalamu ilikuwa ya mmoja na neno lilikuwa la mwingine, lakini wote wawili walijulikana kwa majina na kwa nyumba zao. Kijana akisoma vibaya, au akitia la kwake, aliulizwa siku ya pili yake. Aghalabu hakuwa mjuzi sana, wala mwandiko wake haukupendeza daima. Walakini alikuwa na sifa moja ambayo sasa yaelekea kupotea: alikuwapo wa kuulizwa.

Dai langu katika insha hii ni fupi. Ofisi inayoiachia akili mnemba ifungue barua pepe za watu, isome viambatisho vyao na kuwajibu, pasipo mtu kuyasoma yaliyoingia wala yaliyotoka, imeiacha kazi yake, hata kama majibu yake yatoka upesi kuliko umeme. Wako wasomi wanaoiita hali hii maendeleo. Mimi naiita utoro.

Nasema haya kwa kisa kilichotupata. Ubaruku ni kata ya Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, katika bonde la Usangu, na riziki yetu ni mpunga. Mpunga ni maji. Na maji ya bonde hili si yetu peke yetu, maana huingia Ruaha Mkuu, yakapita katika hifadhi ya wanyama, yakafika Mtera na Kidatu ambako hufua umeme. Kwa hiyo twagawana maji kwa zamu, na zamu huandikwa.

Msimu mmoja wa karibuni wazee wa mfereji wetu waliandika makubaliano yao kwa mkono: zamu ya kwanza ianze 4/12, saa 12 asubuhi. Niliipiga picha karatasi ile, nikaiambatisha kwenye barua pepe, nikaipeleka katika ofisi moja ambayo siitaji, kuomba mtaalamu aje alikague banio kabla ya siku hiyo. Jibu lilifika kabla chai yangu haijapoa. Lilikuwa na salamu, shukrani, na Kiswahili kisicho na doa: ombi letu limepokewa, na mtaalamu atafika kabla zamu haijaanza tarehe 12 Aprili, saa sita usiku.

Msomaji ataona makosa yalikotoka. Tarehe ilisomwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Na saa ilisomwa kwa hesabu ya Kiingereza, ambamo kumi na mbili ya asubuhi ni usiku wa manane. Mtoto yeyote wa Ubaruku angecheka, kwa kuwa Aprili mpunga wa masika umekwisha kutoa masuke. Tuliandika tena kusahihisha. Jibu la pili likatushukuru kwa ukumbusho wetu, likairudia Aprili ile ile. Mwishowe tulipanda gari tukaenda wenyewe. Karani, mtu mwema asiye na kiburi, alituambia kwamba hakuisoma hata moja ya barua zetu, kwa sababu mfumo ulikwisha jibu. Katika siku hizo zilizopotea miche yetu ilizeeka kitaluni, na mche uliozeeka hautoi machipukizi mengi hata ukipewa mto mzima. Njiani mzee mmoja aliniuliza, “Mwanangu, basi aliyetujibu ni nani?” Sikuwa na la kumwambia.

Yafaa tukieleze chombo chenyewe kwa haki. Programu ya namna hii imefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno lipi lielekee kufuata jingine. Kwa kufanya hivyo hutunga sentensi nzuri, hufupisha waraka mrefu, hufasiri lugha. Lakini maandishi iliyofunzwa kwayo ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa, na Kiswahili ni sehemu ndogo. Ndiyo maana yaweza kusema kama mtu wa pwani huku ikihesabu saa kama mtu wa London. Tena ufasaha wake haupungui inapokosea. Karani asiyejua hubabaika, na kubabaika kwake ni onyo kwetu. Chombo hiki aghalabu hakibabaiki, kwa hiyo hututoa katika hadhari tuliyoizoea.

Watetezi wake wana hoja, na haifai kuzipuuza. Husema kwamba watumishi ni wachache na barua ni nyingi. Ni kweli. Husema kwamba mkulima wa mbali hupata jibu usiku pasipo kulipa nauli. Ni kweli pia, na siku jibu likiwa sahihi ni neema. Husema, tatu, kwamba hata mwanadamu hukosea. Na hii ndiyo hoja yao kubwa. Nakiri kwamba karani angeweza kuisoma 4/12 visivyo. Lakini karani akikosea, kosa lina mwenyewe: huitwa, huonyeshwa, huona haya, naye mwaka wa pili hakosei vile vile. Sisi tulimsahihisha nani? Tuliisahihisha hewa, nayo hewa ikatushukuru.

Asidhani mtu kwamba hili ni lalamiko la watu wa mashamba tu. Huko Kanada abiria aliyefiwa na bibi yake aliuliza habari za nauli ya msiba katika tovuti ya shirika la ndege la Air Canada. Programu ya kujibu maswali ikamwambia kwamba aweza kudai punguzo baada ya safari; alipodai, akanyimwa. Shauri lilipofika mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia, shirika lilijitetea kwamba programu ile yapaswa kuwajibika kwa maneno yake yenyewe. Februari 2024 baraza liliikataa hoja hiyo, likaamuru abiria alipwe. Hukumu hiyo yatosha kuwa somo: mwenye mlango ndiye mwenye sauti itokayo mlangoni.

Limebaki jambo la viambatisho, nalo ni zito kuliko tarehe. Mtu akiambatisha waraka humkabidhi mwenziwe siri: hati ya shamba, cheti cha hospitali, majina ya wanachama na namba zao za simu. Je, aliyeandika majina yake katika karatasi ya mfereji alikubali yasomwe na mashine ambayo huenda imewekwa nchi ya mbali? Tanzania imekwisha tunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo yataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lile zilikokusanyiwa. Na hatari si ya kudhaniwa. Juni 2025 watafiti walitangaza dosari waliyoiona katika msaidizi wa kampuni ya Microsoft aitwaye Copilot: barua pepe moja yenye maagizo yaliyofichwa ingeweza kumfanya atoe nje habari za mwenye sanduku, bila mwenyewe kubonyeza chochote. Kampuni iliiziba dosari hiyo, ikasema hakuna mteja aliyedhurika. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba msomaji huyu hakuweza kupambanua barua ya kusomwa na amri ya kutiiwa. Nani angempa tarishi wa namna hiyo funguo za kabati?

Basi twataka nini? Hatutaki chombo kivunjwe. Kipange barua, kifupishe, kiandike rasimu. Hiyo ndiyo kazi ya kalamu. Lakini jibu lolote linalogusa haki, maji, ardhi, afya au fedha ya mtu lisomwe na mtu pamoja na kiambatisho chake, nalo liwe na jina lake chini. Mwandikaji aambiwe mapema kwamba barua yake itasomwa na mashine, apate hiari ya kukataa. Na kosa likitokea, ijulikane ni meza ipi ya kuiendea.

Nayaandika haya katika jarida la chuo kwa makusudi, kwa kuwa wanafunzi wanaosoma hapa ndio watakaokalia meza hizo. Watashawishika, maana ni raha kuona sanduku la barua limekuwa tupu ilhali mikono haijachoka. Siku hiyo na wakumbuke kwamba huko mferejini mtu anasubiri, na miche haisubiri. Sisi kwa upande wetu, msimu ujao tutaandika “Desemba” kwa herufi, na “alfajiri” mahali pa saa 12. Hiyo ni sehemu yetu. Sehemu ya ofisi ni kuisoma, na kutuambia aliyeisoma ni nani.