Nani Kasema Wana Damu Moto?

Magazeti yetu yana sentensi moja yanayoipenda mno: "Alishindwa kujizuia, akaangua kilio." Itazame vizuri. Inasema kulia ni kushindwa. Kazi ya mtu mzima, hasa mwanaume, ni kujizuia, na machozi yakimtoka ni kama kafungwa goli.

Sasa mchukue Lionel Messi. Tarehe 8 Agosti 2021 alipanda jukwaani Barcelona kuiaga klabu aliyoichezea tangu utotoni, na kabla hajatamka neno alikuwa tayari analia. Mkewe akampa tishu. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Vijiwe vyetu vina maelezo ya haraka kwa mambo kama haya: "Walatino ndivyo walivyo bwana, wana damu moto." Ni maelezo yale yale tuliyokua nayo tangu enzi za tamthilia za Meksiko, zile ambazo mtu akisalitiwa anapiga magoti, analia, anazimia, na muziki juu.

Mimi hiyo habari ya damu siikubali hata kidogo.

Sina ugomvi na yanayoonekana kwa macho. Kule Buenos Aires wanaume wawili marafiki wakikutana hubusiana shavuni na hakuna anayegeuka kuwatazama. Madrid, dada unayetambulishwa kwake leo mnapeana mabusu mawili, shavu hili na hili. Watu humaliza barua pepe kwa kutumiana kumbatio, "un abrazo". Na Kihispania kina "nakupenda" mbili: "te amo", ambayo ni nzito, na "te quiero", ambayo unaweza kumwambia mama, mjomba au mshikaji wako bila mtu kuhoji.

Lakini hebu tuwasikilize wenyewe. Mwaka 1950 Octavio Paz, Mmeksiko aliyekuja kupata Nobel ya fasihi mwaka 1990, aliandika kitabu kizima kuhusu upweke wa watu wake. Hoja yake? Kwamba Mmeksiko ni mtu aliyejifunga, anayevaa kinyago, na kwamba kwa mwanaume wa huko kujifunua mbele ya mwenzake ni udhaifu. Na Federico García Lorca wa Hispania, katika tamthilia aliyoimaliza mwaka 1936, miezi michache kabla hajauawa, alimchora mama anayewafungia binti zake ndani kwa miaka minane ya matanga. Mmoja anapojinyonga, amri ya mama ni kwamba pasiwe na kilio, pawe na kimya. Hata Kolombia peke yake, watu wa pwani ya Karibiani huwatania wale wa Bogotá kuwa ni wakavu na wa baridi. Lugha moja, nchi moja. Damu iko wapi hapo?

Na usemi wa "wanaume hawalii" wanao pia: "los hombres no lloran". Umefanana na wetu kama pacha.

Ninavyoona mimi, jambo lenyewe ni ruhusa. Kila jamii ina milango yake ya kutolea yaliyomo moyoni, na wao wamejiachia milango fulani wazi. Mmeksiko ambaye hatamwambia mkewe kwamba anaumia anaweza kuimba ranchera mezani na wenzake, machozi yakimtoka, na heshima yake ikabaki pale pale. Tarehe 1 na 2 Novemba familia nzima inapamba meza kwa maua na chakula cha marehemu, na kumtaja marehemu kunakuwa shughuli ya watu wote. Tusijifanye hatuyajui haya. Mwanamke wetu asiyeweza kumjibu jirani huvaa kanga ikamjibia, au huinuka kwenye taarab kutunza wimbo unaomhusu. Mgeni akimwona siku hiyo tu atarudi kwao na hadithi ya damu moto.

Suala la nani ana ruhusa si dogo. Tarehe 30 Aprili 1977 akina mama 14 walikusanyika Plaza de Mayo, mbele ya ikulu ya Ajentina, kuuliza watoto wao waliochukuliwa na watawala wa kijeshi wako wapi. Polisi wakawaambia mkusanyiko ni marufuku, watembee. Wakatembea, wawili wawili, kuzunguka uwanja. Serikali ilitaka waomboleze kimya majumbani. Wao wakaupeleka uchungu hadharani, wakiwa na vitambaa vyeupe kichwani. Azucena Villaflor, mmoja wa waanzilishi, alitekwa Desemba mwaka huo huo na kuuawa. Wenzake hawakuacha. Ule haukuwa udhaifu wa akina mama. Ilikuwa siasa, na ya kishujaa.

Tusiwapake rangi ya dhahabu pia. Utamaduni huo huo unaomruhusu mwanaume kulia kwa sababu ya mpira umemruhusu mara nyingi kuimalizia hasira yake kwa mwanamke na kuiita mapenzi. Juni 3, 2015 maelfu kwa maelfu ya Waajentina waliingia mitaani na kauli ya "Ni Una Menos", kwamba asipungue hata mwanamke mmoja tena, wakipinga wanawake kuuawa. Hisia kutoka nje si dawa kama anayeumia nazo ni mwingine.

Kwa hiyo jamani, tukiacha kuwaita watu wa damu moto, tutabaki na swali letu wenyewe. Kijana wa kiume wa Dar aliyefiwa na mama yake atalilia wapi? Msibani anaambiwa ajikaze, kazini anapewa siku chache, kijiweni anataniwa. Baa ndiyo mlango pekee tuliomwachia. Wewe unayesoma, ungemfungulia upi mwingine?