Umeweka Go mpya, lakini kodi yako bado inaishi 2021

Kama wewe huandika kodi (na simaanishi ile ya KRA), hebu fanya hivi kwanza. Fungua ule mradi wako wa Go, tafuta faili inayoitwa go.mod, kisha angalia mstari unaoanza na neno go na namba. Umeona nini? Kama ni 1.21 kurudi chini, basi una kompaila mpya kwenye mashine lakini programu yako inafuata sheria ya zamani. Na hiyo sheria imewahi kuwatoa jasho watu wanaojua kazi yao vizuri kabisa.

Iko hivi. Chukua makanga wa gari la Rongai mwenye abiria watatu: mmoja anashuka Nyayo, mwingine Bomas, wa mwisho Rongai. Makanga ana karatasi moja tu. Anaandika Nyayo, anafuta. Anaandika Bomas, anafuta. Anaandika Rongai. Kila abiria ameambiwa atashushwa mahali palipoandikwa kwenye karatasi. Gari likishika barabara, karatasi inasomwa na wote watatu wanajipata Rongai.

Hivyo ndivyo lupu ya for ilivyokuwa kwenye Go. Kibadilika kilikuwa kimoja kwa mizunguko yote. Ukikitumia papo hapo, hakuna noma. Lakini ukihifadhi anwani yake, au ukianzisha gorutini itakayokisoma baadaye, unapata thamani ya mwisho mara nyingi badala ya kila moja mara moja. Ndiyo maana kwenye kodi ya zamani utakuta ule mstari wa ajabu, x := x, unaoonekana kama mtu alikuwa na usingizi. Alikuwa anakata karatasi mpya kwa kila abiria.

Usidhani ni shida ya wanaoanza. Let's Encrypt ni shirika lisilo la kibiashara linalotoa bure vyeti vinavyofanya anwani ya tovuti ianze na https. Kabla ya kutoa cheti, mfumo wao hukagua kama mwenye jina la tovuti anaruhusu. Tarehe 29 Februari 2020 waligundua kwamba ombi likiwa na majina kumi yanayohitaji kukaguliwa upya, mfumo, ulioandikwa kwa Go, ulikuwa unachagua jina moja na kulikagua mara kumi. Makanga na karatasi yake! Wakatangaza kufuta vyeti 3,048,289, na wenye tovuti wakapewa muda mfupi tu kuchukua vipya. Muda ulipokwisha, zaidi ya milioni moja vilikuwa bado havijabadilishwa, na shirika likaamua kutovifuta kwa mkupuo ili watu wasifungiwe tovuti.

Sasa utauliza, si wangerekebisha tu lugha? Hapo ndipo pagumu. Go 1 ilipotoka Machi 2012, waundaji waliahidi kwamba programu inayofanya kazi leo itaendelea kufanya kazi matoleo yajayo. Kubadilisha maana ya for ni kubadilisha mamilioni ya mistari ambayo watu waliiandika wakalala.

David Chase na Russ Cox, waliokuwa kwenye timu ya Go, walileta pendekezo: maana mpya ifuate ile namba ya go.mod. Ukiandika 1.22 au zaidi, kila mzunguko unapata karatasi yake. Ukiwa chini ya hapo, mambo yanabaki yalivyokuwa. Kabla ya kuwapa watu, Google iliwasha tabia mpya kwenye kodi yake yote kuanzia Mei 2023. Vilivyovunjika vilikuwa hasa vipimo vibovu: vilikuwa vinapima kisa cha mwisho pekee, kisha vinasema visa vyote vimepita. Agosti 2023 toleo la 1.21 likaja nayo kama jaribio, na Februari 2024 ikawa rasmi kwenye 1.22.

Mimi naona ni kazi safi, lakini ina gharama ambayo haisemwi sana, na inaangukia wewe na mimi tunaojifunza kwa kunakili. Ukichukua mradi mzima wa mtu aliyerekodi video 2021, umechukua na go.mod yake. Namba ni 1.16, na kosa linakuja nayo, likiwa limehifadhiwa vizuri kabisa kwa ajili yako. Mstari ukikosekana kabisa, Go inachukulia kwamba ni 1.16. Ahadi ya kutovunja chochote hulinda hata kilichovunjika.

Halafu hili jambo la kuitwa huria. Kodi iko wazi na mijadala iko wazi. Mimi niliyeacha chuo nimesoma huko mabishano ambayo hakuna mhadhiri aliwahi kunipa. Lakini kusoma na kuamua ni vitu viwili. Wanaoamua ni timu ndogo, wengi wao wakilipwa na Google. Angalia hadithi ya if err != nil, ile mistari inayojaza nusu ya faili yako. Pendekezo la try la 2019 lilizua mabishano makali hadi likaondolewa. Mengine yakafuata. Juni 2025 timu ikasema basi, hawatafuatilia tena mabadiliko ya sarufi ya makosa kwa sasa, kwa sababu watu hawakubaliani. Hapo niliwaheshimu, ingawa vidole vyangu vinalia.

Sasa rudi kwa go.mod. Andika go mod edit -go=1.22 kisha endesha vipimo vyako. Kikifeli kimoja, usikimbilie kurudisha namba. Kuna chombo kinaitwa bisect kitakachokuonyesha lupu yenyewe. Maktaba ulizoazima kwa watu hazitaguswa. Kila moja ina go.mod yake, kwa hivyo zipitie pia, hasa zile ambazo mwenyewe aliziacha kitambo.