Si Kioja, Ni Peugeot

Ningekuwa na uwezo, neno "ajabu" lingepigwa marufuku katika vyumba vya habari vya Kenya kwa mwaka mmoja tu, tuone wataandika nini. Samaki wa ajabu avuliwa. Mti wa ajabu watoa maji. Gari la ajabu lapatikana kijijini. Ukisoma kwa makini utagundua kwamba ajabu zote hizi zina anwani: Nyakach, Nyatike, Tharaka, Kwale. Karen hakuna ajabu. Karen wana historia.

Mimi ni wa Osiri, huku Nyatike, Kaunti ya Migori, kwa wachimba dhahabu. Sisi tunaingia kwenye habari mara mbili: mgodi ukiporomoka, na kioja kikitokea. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokata, na tangu hapo naishi kwa kuandika, nalipwa stori kwa stori. Kwa hivyo bei za soko hili nazijua. Nilipopeleka wazo la makala kuhusu zebaki inayotumika kukamatia dhahabu, na maji yake yanakoishia, mhariri mmoja aliniambia "tutaona." Kisha akaongeza: "Lakini ukiwa na kitu cha ajabu cha huko kwenu, tuma hata leo. Aya nne tu." Pesa ya aya nne ingeingia kwenye simu siku hiyo hiyo. Zebaki bado wanaiona.

Kabla hujaniambia kwamba sina ucheshi, hebu tuelewane. Napenda vioja. Wengi wetu tulianza kusoma gazeti la Kiswahili kutoka nyuma, tukitafuta Dondoo za Hapa na Pale kwenye Taifa Leo, tuone kalameni gani amefumaniwa na polo gani amekimbia mahari. Lakini Dondoo ni kichekesho na haijifichi. Inaficha jina la mtu, inakuchekesha, unaenda zako. Ninachokipinga mimi ni kioja kinachovaa suti ya habari: mwandishi anafika, anashangaa kwa niaba yetu, anaondoka, na mshangao wake unahesabiwa kuwa kazi imekwisha. Mwaka 2003 chatu anayeitwa Omieri alipoonekana Wasare, Nyakach, waandishi walimiminika hadi wa mashirika ya ng'ambo. Wenyeji walikuwa wakimhusisha na mvua na mavuno, katika eneo ambalo ukame na mafuriko hupokezana. Waulize watu leo wanakumbuka nini. Wanakumbuka nyoka. Habari ya mvua imesahaulika.

Sasa nije kwa gari.

Mwaka jana jamaa mmoja alipita huku na simu yake, akaona bodi la gari kuukuu kando ya boma la mzee mmoja, chini ya mwembe, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Nembo zilishang'oka zamani. Akapiga picha tatu, akaandika: "Gari la ajabu lapatikana Migori, hakuna ajuaye lilitoka wapi." Picha zikazunguka kwenye WhatsApp. Mmoja akasema ni Mercedes ya wakoloni. Mwingine akasema Volvo. Wa tatu, kwa uhakika wa kutisha, akasema ni gari la mzungu wa mgodi wa Macalder aliyezika dhahabu na kutoroka. Kufikia jioni vijana wawili walikuwa wameshafika na sururu.

Eti hakuna ajuaye. Boma lina mlango, na nyuma ya mlango kuna mtu.

Niliingia nikamkuta jaduong' akinywa chai. Nikamsalimia, nikamwambia gari lake limekuwa fumbo la nchi nzima. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Nyathina, fumbo kwa nani? Hiyo gari nimeendesha mimi." Halafu akaniongoza nje na fimbo yake, akanifundisha kusoma.

"Anza na mkia," akasema. Taa za nyuma zimesimama kwenye mapezi mawili, kama ya samaki. "Sasa usikimbie kusema ni Peugeot. Austin Cambridge na Morris Oxford za wakati huo zilikuwa na mkia kama huu." Na ni kweli: magari hayo yote yalichorwa na watu wale wale, Pininfarina wa Italia, ndiyo maana yanafanana kama ndugu. "Fungua boneti." Injini ipo, kutu tupu, lakini haikusimama wima. Imelala upande kwa nyuzi 45, kama mtu aliyejiegemeza kwa kiwiko. Akanionyesha kwa fimbo: ukiona hiyo, mengine ni kuthibitisha tu. Tukarudi ndani, akatoa kopo la Kimbo, na ndani ya kopo kulikuwa na logibuku iliyokunjwa mara nne. Peugeot 404. Hatua ishirini kutoka pale jamaa aliposimama kupiga picha.

Na 404 si gari la hivi hivi. Ilitoka kiwandani mwaka 1960, na ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka huo wa 1968 matope yalikuwa mabaya kiasi kwamba katika magari zaidi ya 90 yaliyoanza, yaliyomaliza ni 7 tu. Jaduong' alinunua yake ikiwa imeshatumika. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni za usafiri, naye akaingia barabarani, Migori hadi Homa Bay kupitia Rongo na Rodi Kopany. Watu wanane, mtoto hahesabiwi. Alibeba magunia ya omena. Alibeba wajawazito usiku, na maiti alfajiri. Kuna watu wazima wa kata hii waliokaribia kuzaliwa kwenye kiti kile ambacho sasa kuku wanataga.

Hiyo ndiyo stori. Jamaa wa picha aliiruka.

Ukifikiri haya ni mambo ya hisia tu, sikiliza kilichofuata. Wiki mbili baada ya picha akaja mnunuzi wa vyuma vikuukuu, na mizani yake. Bila shaka. Kitu kikinyimwa jina, kinauzwa kwa kilo. Sisi wa Osiri tunalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana dhahabu yetu nayo huondoka kwa pointi, bila jina la shimo wala la aliyeingia shimoni.

Nairobi, tangu mwaka 1970, klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo imekuwa ikiandaa mashindano ya magari yaliyotunzwa, Concours d'Elegance. Waamuzi wanakagua rangi, viti, injini, hata chini ya gari. Pale 404 haiitwi ajabu. Inaitwa klasiki, na watu huvaa kofia nzuri kuja kuiangalia. Chuma ni kile kile, Mfaransa ni yule yule. Tofauti ni kwamba kule mtu ameuliza hii ni nini, na akasubiri jibu.

Jaduong' alimwambia mnunuzi: "Nipe bei ya Peugeot, si bei ya mabati." Jamaa akafunga mizani yake. Sisemi gari lisiuzwe. Mjukuu wa mzee yuko Form Three na karo haingojei historia. Wanawe walio mjini wanasema liuzwe hata kesho, na hawana makosa. Ninachosema ni kwamba mtu anayeuza kitu anastahili kwanza kuuza kwa jina lake. "Gari la ajabu" lilikaribia kumnyima hata hilo.

Na msije mkaniambia kwamba uchunguzi ni kazi ya wasomi. Nenda soko la Migori alfajiri siku ya kufungua robota. Shangazi yangu anauza mitumba, na sijawahi kumsikia akisema "ajabu." Koti likitokea lenye manyoya shingoni, anageuza kola, anasoma lebo, anavuta mshono, anapima kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, anaangalia zipu. Sekunde kumi. Anajua ni la wapi, ni la msimu gani, ni kamera au ni la kutupia chini kwenye fungu la mwisho. Akikosea, hasara ni yake. Labda hiyo ndiyo tofauti: mwandishi wa vioja akikosea, hasara ni yetu.

Lakini mtumba nao ukifika gazetini lazima uwe na dola zilizosahaulika mfukoni. Haiulizwi kwa nini Nyanza, iliyolima pamba na kuwa na kiwanda cha KICOMI pale Kisumu mpaka kikafungwa miaka ya 1990, leo inavaa nguo zilizochoshwa na watu wengine. Haikumbukwi kwamba serikali ilipozuia kuingiza mitumba kuanzia Machi 2020 hadi Agosti kwa sababu ya korona, jiko la shangazi na la wengi kama yeye liliyumba. Dola mfukoni ni bahati ya mtu mmoja. Pamba ni swali letu sote. Tunapewa dola.

Wapo watakaosema wasomaji wanataka hivyo, takwimu za kubofya zinaonyesha. Wasomaji wanakula wanachopakuliwa. Mimi nimesimulia habari ya injini iliyolala upande kwa madereva wa bodaboda, kwa wachimbaji wakisubiri zamu, kwa mama wa chapati. Hakuna aliyeniambia nifupishe. Kila mmoja alikuwa na mzee wake, na gari lake, na kopo lake la karatasi.

Kwa hivyo, wahariri, kabla hamjaandika "ajabu," ulizeni maswali matatu. Hiki ni nini? Kilitoka wapi? Nani alikijua kabla yetu? Mkikosa majibu baada ya kubisha hodi, shangaeni mpaka asubuhi, hakuna atakayewakataza. Na wewe msomaji, picha ikikufikia kwenye simu ikisema hakuna ajuaye, jibu kwa swali moja: mliuliza boma gani?

La mwisho ni la mfukoni mwangu, nalisema bila aibu. Mwandishi alipwe kwa kuuliza, angalau sawa na anavyolipwa kwa kushangaa. Stori ya zebaki bado ninayo. Si ya ajabu hata kidogo.