Jembe lenye matundu mawili

Mbao za choo zikioza, mtoto ndiye wa kwanza kutumbukia. Sakafu ya betoni inaondoa hofu hiyo, lakini wengi wetu tunaiahirisha kwa sababu kuchanganya kunavunja mgongo.

Tuchukue jembe lililochakaa, mhunzi alitoboe matundu mawili yanayopitisha yai. Betoni ikipita humo, jembe linavutika kwa urahisi na simenti inaenea kote.

Tuchanganyie juu ya bati la zamani, maana udongo unanyonya maji. Kipimo ni ndoo 1 ya simenti, 2 za mchanga, 3 za kokoto ndogo. Tugeuze vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo tutie maji kidogo kidogo. Maji yakizidi, betoni inakuwa dhaifu.

Simenti inachoma ngozi: mwenye mtoto mgongoni asichanganye, na mikono ioshwe mara moja. Tukishamwaga betoni pamoja na vyuma vyake, tuifunike kwa majani na kuilowesha siku 7 kabla ya kuikanyaga.

Jembe moja linatosha kikundi kizima. Lizunguke nyumba kwa nyumba, tukianzia penye watoto wadogo.