Udongo wa Ruiru una habari, tuusikize

Kijana wa Ruiru au Thika, unaujua ule udongo mweusi. Mvua ikinyesha unanata kwenye viatu na magari yanakwama. Jua likiwaka unapasuka nyufa. Wengi wetu huulaani tu, kumbe una habari.

Udongo huo ulitokana na mawe ya volkano yaliyolowa maji miaka mingi, mahali tambarare ambapo maji hayana pa kutokea. Maji yaligeuza madini ya mawe kuwa mfinyanzi uitwao smektaiti. Mfinyanzi huo hunywa maji ukavimba, ukikauka hunywea.

Sasa sikia hili. Roboti ya NASA, Curiosity, ilitua sayari ya Mirihi mwaka wa 2012. Mwaka uliofuata ilitoboa mwamba katika kreta ya Gale, na ndani ya unga wake ikapatikana smektaiti. Leo huko ni jangwa baridi, lakini mfinyanzi huo uliwasaidia wanasayansi kujua kwamba zamani palikuwa na ziwa. Maji yalienda, ushahidi ukabaki.

Wenzetu wanasoma udongo wa sayari nyingine, sisi hatusomi hata wa ploti tuliyonunua! Tunajenga bila kupima, kuta zikipasuka tunamlaumu fundi.

Walimu, watoeni wanafunzi darasani wakauchunguze udongo wa kwao. Nawe unayepanga kujenga, chimba shimo kwanza, upeleke udongo ukapimwe. Mwenye macho haambiwi tazama.