Kuweka Programu Si Mwisho wa Kazi

Siku hizi ziko shule zinazojivunia kuwa na seva zao wenyewe, na ni haki yao. Badala ya kupeleka alama za mitihani na picha za wanafunzi katika kompyuta za kampuni za ng'ambo, huweka programu kama Nextcloud, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2016, na mambo yao yote yakakaa nyumbani. Lakini mimi naona tuna kosa moja kubwa. Programu ikiisha kuwekwa twapiga makofi, twafunga chumba, kisha twasahau. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.

Nyumba iliyokwisha kuezekwa haifai kulaliwa mpaka iwe na milango, makomeo, na mtu wa kushika funguo. Ndivyo ilivyo seva. Yapasa iandikiwe majina ya anwani inazoruhusiwa kuitikia. Yapasa mawasiliano yake yafichwe kwa HTTPS, ili neno la siri la mwalimu lisisomwe njiani. Tena ziko kazi ndogo ndogo ambazo Nextcloud huzifanya chinichini. Ikiachwa kama ilivyowekwa, hungoja mtu afungue ukurasa ndipo izifanye. Likizo ikiingia, zinalala. Dawa yake ni kuiagiza mashine yenyewe izianzishe kila dakika 5. Na zaidi ya yote, nakala za akiba. Wengi hunakili faili tu, wakaacha hifadhidata na faili ya mipangilio. Siku diski ikifa, watapata karatasi zao, lakini hawatajua ni za nani wala nani aliruhusiwa kuzisoma.

Msidhani natisha watu bure. Mwezi wa Januari 2017 wezi wa mtandao waliingia katika maelfu ya hifadhidata za MongoDB duniani. Hawakuvunja kitu, maana wenyewe walikuwa wameziacha wazi, bila neno la siri. Wezi walifuta yaliyomo, wakaacha ujumbe wa kudai fedha. Wako waliolipa wasirudishiwe kitu. Walioziweka waliona zinafanya kazi, wakaridhika.

Wengine watasema, "Hiyo ni kazi ya fundi wa mjini." Sikubali. Fundi huja siku moja, akaondoka na maarifa yake, na pengine na neno la siri pia. Hapo shule imekuwa mpangaji katika nyumba yake yenyewe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi liwepo daftari ofisini, liandikwe kila mpangilio uliobadilishwa, siku gani, na kwa sababu gani. Wachaguliwe walimu wawili na wanafunzi wanne. Wanafunzi wasipewe funguo za alama za mitihani, lakini wafundishwe katika mashine ya mazoezi. Kila Jumatatu mwalimu afungue ukurasa wa msimamizi, asome maonyo ambayo programu yenyewe huyaandika, kisha ayashughulikie. Na kila muhula wajaribu kurudisha nakala ya akiba katika mashine nyingine, maana nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Nina neno pia kwenu ndugu zetu mliotutangulia. Mmetuletea kompyuta, nasi twashukuru kwa moyo. Lakini wako miongoni mwenu wanaoshika kazi hii kila siku. Hao nawaomba wasilete mashine nyingine mwaka huu. Waje wiki moja wakati wa likizo, wakae nasi mbele ya hizi tulizo nazo, watuonyeshe jinsi ya kuzitengeneza na kuzilinda. Mashine itachakaa, maarifa tutawaachia wadogo zetu, nao watawaachia wao.

Alama zetu zimo humo, na majina yenu yamo. Tusiziache nyuma ya mlango usio na komeo.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Sita